Mafuta ya chungwa, karafuu na mchaichai kwa uchovu wa tezi ya shingo: nitakachonunua tena na nitakachoacha

Nianze na jibu, kwa sababu anayesoma haya huenda amechoka na hana nguvu za kungoja. Mafuta ya chungwa yananifaa, nitayanunua tena. Mchaichai ni mzuri kwa chumba kuliko kwa mtu. Karafuu inawafaa watu fulani, mimi simo. Mashine ya umeme ya kutawanyia harufu sikuona thamani yake hapa Tanga. Na katika vyote hivyo, hakuna kinachoweza kukaa mahali pa kidonge cha homoni cha asubuhi.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Nilikuwa na rovu, likakua mpaka kumeza tonge ikawa taabu, nikafanyiwa upasuaji na tezi ikatolewa yote. Tangu hapo naishi kwa levothairoksini, kidonge kinachouletea mwili ile homoni ambayo hauna tena pa kuitoa. Homoni hiyo ndiyo inayoupangia mwili mwendo: moyo upige vipi, chakula kichomwe kwa kasi gani, joto litoke kiasi gani. Ikipungua, kila kitu kinajivuta. Unasikia baridi Tanga, Desemba, wenzako wanajipepea kwa kanga. Choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, nywele zinabaki kwenye chanuo. Na uchovu wake si ule wa kazi. Wa kazi ukilala unaondoka, huu unaamka nao.

Upungufu wa homoni ya tezi unatukuta sisi wanawake zaidi, mara nyingi kuliko wanaume, na wengi tunaambiwa ni uvivu, au ni umri, au ni mawazo. Hata dozi ikishakaa sawa na vipimo vikisoma vizuri, wako ambao uchovu haumaliziki. Mimi ni wa kundi hilo. Asubuhi nashona vizuri. Ikifika saa nane mchana, baada ya kula, macho yananizimika juu ya kitambaa na mshono unaanza kwenda upande. Hapo ndipo nilipotaka kujua kama harufu inaweza kunisaidia, maana sisi watu wa mwambao harufu hatukuifahamu jana: udi, asumini, kikuba, marashi ya waridi, vyote tunavitumia tukijua kwamba vinamgeuza mtu hali yake.

Nilinunua chupa tatu za kioo cheusi, mililita 10 kila moja, kwenye duka la viungo na dawa za asili mjini. Chungwa shilingi 15,000, karafuu 10,000, mchaichai 8,000. Jina la duka sitalitaja, kwa sababu nina neno juu ya muuzaji wake.

Nilipomweleza shida yangu aliniambia, “Dada, haya ukiyanusa miezi mitatu mfululizo, vidonge unatupa.” Alilisema kwa upole na kwa uhakika, na nina hakika ameshawaambia wengine. Ndugu zangu, hili ni hatari kuliko linavyosikika, na ubaya wake uko hapa: levothairoksini haitoki mwilini haraka. Ukiacha leo, baada ya juma moja hivi karibu nusu ya homoni hiyo bado inazunguka kwenye damu. Kwa hiyo mwanamke aliyeacha vidonge na kuanza kunusa mafuta atapita siku kadhaa akijiona yuko sawasawa, atasema mafuta yamefanya kazi, atamsifia muuzaji kwa majirani. Kushuka kunakuja baadaye, polepole. Mwili unazidi kuwa mzito, moyo unapunguza mwendo, uso unavimba, akili inapata ukungu. Akiwa mjamzito, mtoto aliye tumboni naye anaumia, kwa sababu miezi ya mwanzo anategemea homoni ya mama yake. Harufu haitengenezi homoni. Muuzaji akikwambia inatengeneza, mwachie chupa yake mezani uondoke.

Bidhaa yenyewe ni jambo jingine, na nilipofika nyumbani niliipima kwa njia mbili ambazo yeyote anaweza kuzifanya jikoni. Ya kwanza ni ya karatasi. Unadondosha tone kwenye karatasi nyeupe unaliacha likauke. Mafuta halisi ya harufu huruka hewani. Yakiwa yamechanganywa na mafuta ya kupikia, doa la mafuta linabaki palepale. Chungwa na mchaichai viliondoka. Karafuu ilichukua muda mrefu zaidi, nayo ndivyo ilivyo, ni nzito. Njia ya pili ni ya karafuu peke yake: tia tone kwenye glasi ya maji. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Yangu yalishuka mpaka chini kama shanga, na ya chungwa yakabaki yakielea. Vipimo hivi havimkamati kila mdanganyifu, lakini vinamkamata mvivu.

Sasa matumizi. Nilianza na mashine, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inasifiwa. Ni kidude cha plastiki, unatia maji, unatia matone, unachomeka kwenye umeme, kinatoa ukungu wenye harufu. Kwa nyumba iliyofungwa madirisha nadhani kinapendeza. Chumba changu cha kushonea kina madirisha mawili na mlango unaotazama barabarani, na siwezi kuvifunga kwa joto letu. Harufu yote inakwenda kuwaburudisha wapita njia. Ukungu nao unaongeza unyevu kwenye hewa ambayo tayari ni ya pwani, na sitaki unyevu karibu na vitambaa vya watu. Umeme ukikatika, basi. Tena ukikaa na harufu ileile tangu asubuhi pua inaizoea na kuacha kuisikia, kwa hiyo matone yanakwisha nawe hupati kitu. Mashine nimempa wifi yangu, ana chumba kidogo chenye kiyoyozi, anaipenda.

Kilichofanya kazi kwangu ni kichupa kidogo cha kioo chenye mfuniko wa kuzungusha, ndani yake kipande cha pamba. Natia matone matatu ya chungwa kwenye pamba, nafunga. Nikianza kuona usingizi nafungua, nakiweka chini ya pua bila kukigusisha na ngozi, navuta pumzi taratibu mara chache, nafunga. Dakika moja, mbili. Mara moja asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani, mara moja mchana. Pamba naiongezea matone kila baada ya siku mbili tatu. Chupa ya mililita 10 ina matone yapata 200, kwa hiyo shilingi zile 15,000 zinakwenda mbali.

Ninachopata ni hiki: macho yanafunguka, mabega yanashuka, na napata kama nusu saa ya kushona nikiwa na akili yangu yote. Nusu saa si kitu kidogo kwa mtu anayetia zipu kwenye gauni la harusi. Baada ya hapo uzito unarudi, lakini unarudi umepungua makali, na mara nyingi nimeshapita ile saa mbaya. Ambacho sikupata nakisema pia: baridi ileile, nywele zilezile, choo kilekile. Hayo ni kazi ya kidonge, na yalipobadilika yalibadilika baada ya daktari kurekebisha dozi.

Mchaichai nao nilitegemea ungekuwa wa kwanza, kwa kuwa chai yake tunaijua tangu utotoni. Mafuta yake ni makali kuliko majani. Kitu kinachoitwa sitrali, ambacho ndicho kinachotoa ile harufu ya ndimu, kimejaa humo, na nikivuta karibu nasikia koo linawasha. Lakini matone mawili kwenye ndoo ya maji ya kupigia deki yanaifanya nyumba inukie usafi hadi jioni, na nyumba inayonukia usafi inampa mtu moyo. Nitaendelea nao kwa kazi hiyo.

Karafuu inahitaji maelezo zaidi, maana wengi watasema mbona nimeikataa mali yetu. Sijaikataa. Harufu yake inatokana na yujenoli, nayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo. Yujenoli hiyohiyo ndiyo madaktari wa meno wanayoichanganya na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda. Kwa hiyo ile harufu ya chumba cha meno ni karafuu. Mimi utotoni nilisumbuliwa sana na meno, na mama alikuwa akinisagia karafuu kulitia jino kabla ya kunipeleka. Leo nikifungua chupa ile siamki, nakaza taya. Wifi yangu, aliyekulia Pemba kwenye majamvi ya karafuu zinazoanikwa juani, akivuta anasema amerudi kwao, na uso wake unachangamka kabisa. Chupa moja, pua mbili, matokeo mawili.

Nadhani hapa ndipo penye siri ya tiba ya harufu yote. Mishipa ya pua inapeleka habari moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazotunza hisia na kumbukumbu, bila mzunguko mrefu. Harufu haiingii kwa mtu mtupu. Inamkuta na aliyoyapitia. Kwa hiyo usinunue kwa sababu mwenzako imemfaa. Nenda dukani, omba kunusa, sikiliza mwili wako unasema nini. Muuzaji anayekataa kufungua chupa ya kuonjea harufu, mwache.

Je, kuna ushahidi wowote zaidi ya pua yangu na ya wifi yangu? Upo, mdogo. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la wanawake 40 waliokuwa wamepona UVIKO-19 lakini uchovu ukawaganda. Nusu yao walivuta mchanganyiko wa thaimu, chungwa, karafuu na ubani, mara mbili kwa siku kwa majuma mawili. Nusu nyingine walipewa mafuta ya kulinganishia. Waliovuta mchanganyiko ule walipungukiwa na uchovu kuliko wenzao. Kabla ya hapo yalikwisha kufanyika majaribio ya namna hiyo kwa wanawake wenye upungufu wa homoni ya tezi, nayo yakaonyesha nafuu. Nayachukulia kama dalili njema, lakini nayapima. Watu 40 ni wachache. Na kidonge cha majaribio unaweza kukifananisha na unga mtupu mgonjwa asijue kapewa kipi, ila harufu haifichiki, na anayejua kwamba anavuta dawa ya kuchangamsha tayari ameanza kutumaini. Tumaini nalo linanyanyua. Sioni ubaya wake mradi halimwondoi mtu kwenye matibabu.

Kuhusu ubani: nilipolisoma jaribio hilo nilifurahi, kwani ubani haukosekani nyumbani kwangu. Lakini wao walivuta mafuta, hawakufukiza. Moshi wa chetezo ni moshi, na mwenye pumu au kifua dhaifu haumsaidii hata ukinukia vipi.

Sasa tahadhari, na hapa naomba usome taratibu. Mafuta haya hayanywewi. Chupa hizi ndogo zinavutia watoto, na mafuta kama ya karafuu au mkaratusi mtoto akiyameza hata kiasi kidogo ni safari ya hospitali, kwa hiyo ziwekwe juu na zifungwe. Mafuta ya karafuu hayapakwi ngozini bila kuchanganywa, yanaunguza. Ukitaka kujikanda, tone moja tu kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, na ujaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono usubiri mpaka kesho yake. Mwenye pumu aanze kwa mbali au asianze. Mjamzito amuulize mkunga au daktari wake kwanza. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asichezee karafuu nyingi. Na mafuta ya chungwa yanachacha: yakikaa sana kwenye joto na mwanga yanabadilika na kuanza kuwasha ngozi. Yangu nayaweka kwenye friji, nyuma ya chupa ya maji.

Kabla hujatoa hata shilingi kwa mafuta yoyote, hakikisha umetazama mambo ambayo harufu itayafunika bure. Kipimo cha TSH, kile cha damu kinachoonyesha kama homoni ya tezi inatosha, kinarudiwa baada ya majuma sita hadi nane kila dozi inapobadilishwa. Kabla ya hapo mwili haujatulia na namba haisemi kweli. Kidonge kimezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Kahawa yetu chungu ya alfajiri na chai ya maziwa vinazuia dawa isiingie vizuri kwenye damu. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vikae mbali nacho kwa saa nne. Na upimwe damu: wengi wetu tuna upungufu wa damu kwa sababu ya hedhi nzito, ambayo upungufu wa homoni hii wenyewe unaweza kuileta, na uchovu wa damu kidogo unafanana na uchovu wa tezi mpaka huwezi kuutenganisha kwa kujisikiliza tu. Mimi baada ya kutibiwa damu niliona tofauti kubwa kuliko ambayo chupa yoyote imenipa.

Mwezi wa Ramadhani ulinisumbua kupanga. Daktari wangu alinipa njia mbili: nimeze nusu saa kabla ya kula daku, au nimeze usiku wakati wa kulala, yakiwa yamepita masaa matatu au zaidi tangu nilipokula mara ya mwisho. Nikachagua ya kulala, maana sisi baada ya futari na tarawehe hatuli tena mpaka daku. Kichupa changu cha pamba nakitumia mchana nje ya Ramadhani. Mchana wa funga nimekiweka kando kwa hiari yangu, nataka funga yangu itulie. Anayetaka kujua hukumu yake amuulize shekhe wake.

Nimebakiwa na jambo moja la furaha. Wakati wa msimu wa machungwa ya Muheza, yale yanayobaki na ganda la kijani hata yakiiva, wauzaji wa barabarani wanayamenya kwa kisu, ganda linatoka jembamba, refu, wanalitupa kwenye ndoo. Mafuta ya chungwa yanatoka kwenye ganda hilo hilo, yamo kwenye vidoti vidogo unavyoviona juu yake. Mwombe muuzaji akupe ganda. Likunje karibu na pua mpaka lirushe ule unyevu wake. Kwangu mimi ganda bichi linaipita chupa: harufu yake ni kali, safi, na linanichangamsha haraka zaidi. Kijana wa machungwa wa mtaani kwetu sasa ananiwekea bila kuambiwa, “Mama, maganda yako haya.” Msimu ukiisha ndipo narudi kwenye chupa, kwa hiyo ile ya shilingi 15,000 inanivusha miezi ambayo machungwa hayapo.

Na watengenezaji wetu nina ombi kwao, kwa sababu nataka pesa hizi zibaki hapa. Pemba, pale Wawi, kiwanda cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kinatoa mafuta kwenye makonyo ya karafuu, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Mafuta hutolewa pia kwenye tumba zenyewe na kwenye majani ya mkarafuu, na kila sehemu ina ukali wake na bei yake. Chupa niliyouziwa ilikuwa imeandikwa “Karafuu” basi. Haikusema ni ya tumba, makonyo au majani, haikusema ilitolewa mwaka gani wala imetoka shamba la wapi, na haikuwa na onyo lolote kuhusu ngozi wala watoto. Ya chungwa haikuwa na tarehe kabisa, na hayo ndiyo mafuta yanayoharibika mapema kuliko yote matatu. Andikeni sehemu ya mmea, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na tieni kidondoshi ndani ya shingo ya chupa ili matone yasimwagike ovyo. Mkifanya hivyo nitalipa 20,000 bila kuomba punguzo.